Tottenham Hotspur Daraja la Pili, 1949–50: Msimu wa Sukuma Ukimbie

Msimu wa 1949–50 ndio uliowatoa Tottenham Hotspur, klabu ya kaskazini mwa London, katika Daraja la Pili la Ligi ya Uingereza baada ya miaka 15. Walimaliza wakiwa mabingwa kwa pointi 61, tisa mbele ya waliowafuata, wakiwa wamefunga mabao 81 na kufungwa 35. Takwimu hizo peke yake zingetosha kuufanya msimu huo ukumbukwe katika uwanja wao wa enzi hizo, White Hart Lane, lakini uzito wake unazidi safari ya klabu moja. Ndani ya mechi 42 za daraja la chini, kikosi ambacho karibu chote kilikuwapo klabuni tayari kilifundishwa namna nyingine ya kuupitisha mpira, na kwa namna hiyo hiyo kikatwaa ubingwa wa Daraja la Kwanza mwaka uliofuata. Kilichobadilika zaidi ni mpangilio wa mchezo. Wachezaji walibaki karibu wale wale.

Klabu iliyokwama chini

Tottenham ilianzishwa mwaka 1882. Mwaka 1901, ikiwa bado nje ya Ligi, ilitwaa Kombe la FA, na mwaka 1921 ikalitwaa tena. Ubingwa wa Ligi haikuwahi kuupata. Mwaka 1933 ilipanda Daraja la Kwanza, msimu uliofuata ikamaliza katika nafasi ya tatu, kisha mwaka 1935 ikashika mkia na kushuka. Mwaka huo huo jirani zao wa Arsenal walikuwa mabingwa kwa mara ya tatu mfululizo, na tofauti hiyo iliwakaa mashabiki wa Tottenham moyoni kwa miaka mingi.

Ligi ilisimamishwa Septemba 1939 vita vilipoanza. Uwanja wa Arsenal wa Highbury ulichukuliwa kwa kazi za ulinzi wa raia, na Arsenal wakalazimika kucheza mechi zao za nyumbani White Hart Lane. Uwanja wenyewe haukuepuka vita: sehemu yake ilitumika kutengenezea vifaa vya kujikinga na gesi ya sumu, na sehemu ya juu ya jukwaa la mashariki ikahifadhi miili ya watu waliouawa na mabomu ya ndege. Wachezaji waliingia jeshini. Kipa Ted Ditchburn alikuwa katika jeshi la anga, na Bill Nicholson katika kikosi cha askari wa miguu cha Durham, ambako alifundisha mazoezi ya viungo. Wote wawili walipoteza miaka ambayo kwa kawaida mchezaji huwa ndiyo kwanza anachanua.

Mashindano ya Ligi yaliporejea Agosti 1946, Tottenham ilikuwa bado Daraja la Pili. Chini ya meneja Joe Hulme, winga wa zamani wa Arsenal, ilimaliza ya sita, ya nane na ya tano katika misimu mitatu. Mwaka 1948 ilifika nusu fainali ya Kombe la FA na ikaongoza dhidi ya Blackpool hadi dakika za mwisho, lakini Stan Mortensen akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Blackpool wakashinda 3–1. Timu ilikuwa na uwezo wa kusumbua yeyote kwa siku moja. Ilichokosa ni utaratibu wa kushinda wiki baada ya wiki. Mwaka 1949 Hulme aliondoka, na klabu ikamwita nyumbani mtoto wake wa zamani, Arthur Rowe.

Daraja la Pili baada ya vita

Daraja la Pili la miaka hiyo halikuwa pembezoni mwa soka la Uingereza. Lilikuwa na timu 22, nyingi zikitoka katika miji ya viwanda, migodi na bandari: Sheffield ilikuwa na timu mbili, London nne, na Wales mbili, yaani Cardiff City na Swansea Town. Preston North End, waliokuwa wameshuka mwaka 1949, walikuwa na Tom Finney, winga aliyehesabiwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa nchini. Hull City, waliopanda kutoka Daraja la Tatu, waliongozwa na Raich Carter, mshambuliaji wa zamani wa timu ya taifa ambaye alikuwa meneja na mchezaji kwa wakati mmoja. Leeds United, chini ya meneja mkongwe Frank Buckley, walikuwa wakimkuza kijana kutoka Wales aitwaye John Charles, ambaye baadaye angekwenda kung'ara Juventus ya Italia.

Watazamaji walifurika kuliko wakati mwingine wowote. Msimu wa 1948–49 mechi za Ligi zilihudhuriwa na watu zaidi ya milioni 41 nchi nzima, idadi ambayo haijafikiwa tena. Sababu zilikuwa wazi. Wanaume walikuwa wamerudi kutoka vitani, kazi zilikuwapo na mishahara ililipwa, lakini bidhaa za kununua zilikuwa chache. Vyakula vingi vilikuwa bado vya mgao na viliendelea kuwa hivyo hadi 1954. Televisheni ilikuwa katika nyumba chache sana. Tiketi ya kusimama uwanjani Jumamosi mchana ilikuwa moja ya starehe ambazo mfanyakazi wa kawaida aliweza kuzimudu, naye aliikimbilia moja kwa moja kutoka kazini.

Fedha hizo za milangoni hazikufika kwa wachezaji. Kanuni za Ligi ziliweka kiwango cha juu cha mshahara, ambacho wakati huo kilikuwa pauni 12 kwa wiki msimu ukiendelea na pauni 10 wakati wa mapumziko ya kiangazi. Mchezaji wa timu ya taifa na beki wa Daraja la Pili wangeweza kulipwa sawa kabisa. Zaidi ya hapo, klabu ilikuwa na haki ya kumzuia mchezaji hata mkataba wake ukiisha. Hali hiyo iliwaumiza wachezaji, na ilichukua hadi 1961 kiwango cha juu kufutwa. Lakini ilikuwa na matokeo mengine pia: mchezaji mzuri hakuwa na sababu ya fedha ya kuikimbia timu ya Daraja la Pili, na hivyo vikosi vilikaa pamoja kwa miaka mingi. Meneja mwenye fikra mpya aliweza kupata muda wa kuipanda na kuivuna kwa watu wale wale.

Kanuni za mashindano zilikuwa ngumu lakini rahisi kueleweka. Ushindi ulikuwa pointi mbili, sare moja. Timu mbili tu zilipanda na mbili zilishuka, bila mechi za mtoano. Hapakuwa na wachezaji wa akiba; aliyeumia alichechemea pembeni au timu ilibaki na watu kumi. Taa za uwanjani hazikuruhusiwa katika mechi za Ligi, kwa hiyo wakati wa baridi michezo ilianza mapema mchana. Mpira ulikuwa wa ngozi iliyonyonya maji, na viwanja kuanzia Desemba viligeuka tope.

Arthur Rowe

Arthur Rowe alizaliwa Tottenham mwaka 1906 na kuichezea klabu ya mtaani kwake kama beki wa kati katika miaka ya 1930. Alikuwa katika timu iliyopanda daraja mwaka 1933, na Desemba mwaka huo aliichezea Uingereza mara moja, dhidi ya Ufaransa, katika uwanja huo huo wa White Hart Lane. Majeraha yalimstaafisha. Mwaka 1939 alikwenda Hungaria kufundisha makocha, katika nchi ambayo ilikuwa imelelewa kisoka na Mwingereza mwingine, Jimmy Hogan, na ambayo ilithamini pasi za chini na akili kuliko nguvu. Vita vilimrudisha nyumbani kabla kazi haijakolea. Baada ya kufundisha timu za jeshi, mwaka 1945 alichukua Chelmsford City, timu ya Ligi ya Kusini iliyokuwa nje ya madaraja makuu, na msimu wa kwanza akaipa ubingwa wa ligi hiyo. Mei 1949 Tottenham ikamkabidhi timu.

Alikuta soka la Uingereza likichezwa kwa desturi iliyokuwa imekaa robo karne. Baada ya sheria ya kuotea kubadilishwa mwaka 1925, timu nyingi zilimrudisha kiungo wa kati nyuma awe beki wa tatu. Ulinzi ukaimarika, lakini njia ya kufika mbele ikafupishwa: beki alipiga mpira mrefu, winga aliukimbiza pembeni au mshambuliaji wa kati aligombania kichwa. Kati ya walinzi na washambuliaji palibaki uwazi ambao mpira uliruka juu yake. Mchezaji mwenye kipaji aliupokea mpira, akautuliza, akapiga chenga, na wenzake wakasimama kumtazama.

Rowe aliamini kwamba muda wote mpira unapotulizwa mguuni ni muda ambao mpinzani anapewa bure wa kujipanga. Inasimuliwa kwamba alikumbuka jinsi watoto wa mitaa ya London walivyokuwa wakimpita mwenzao kwa kuugongesha mpira ukutani na kuupokea upande wa pili. Ukuta hautulizi mpira. Unaurudisha papo hapo, kwa pembe inayotabirika, kwa anayekimbia. Kama mchezaji angeweza kuwa ukuta kwa mwenzake, na baada ya kuutoa mpira akakimbilia nafasi mpya badala ya kusimama, timu nzima ingesonga mbele kwa mfululizo wa pembetatu fupi. Huo ndio mchezo ambao magazeti yaliuita sukuma ukimbie. Rowe mwenyewe aliueleza kwa maneno machache aliyoyarudia kila siku mazoezini: fanya iwe rahisi, fanya iwe haraka.

Hakuanza kutoka patupu. Peter McWilliam, Mskoti aliyekuwa meneja wa Tottenham kwa vipindi viwili kabla ya vita, alikuwa ameijengea klabu mapenzi ya pasi za chini, na vijana kadhaa wa kikosi cha 1949 walikuwa wamelelewa katika mafunzo hayo, wengine kupitia Northfleet, timu ndogo ya Kent iliyotumika kukuza chipukizi wa klabu. Rowe alichukua desturi iliyokuwapo na kuipa kanuni: kila mtu, kuanzia kipa, awe mpiga pasi.

Kikosi

Jambo la kwanza Rowe alilofanya lilikuwa kumsajili Alf Ramsey, beki wa kulia wa Southampton, kwa mpango uliothaminiwa pauni 21,000, huku winga wa Wales Ernie Jones akienda Southampton kama sehemu ya malipo. Zilikuwa fedha nyingi mno kwa beki. Ramsey alikuwa ameumia mapema mwaka 1949 na kupoteza nafasi yake, na Southampton, waliokuwa wakiongoza Daraja la Pili, walipoteza uongozi na kukosa kupanda. Hakuwa na kasi. Alichokuwa nacho ni utulivu, pasi sahihi na uwezo wa kuona mchezo kabla haujatokea, sifa ambazo beki wa enzi hiyo hakuombwa kuwa nazo.

Wengine walikuwapo tayari. Langoni alikuwa Ditchburn, mtoto wa bondia kutoka Gillingham, mwenye mikono mikubwa na ujasiri. Beki ya kushoto ilishikwa na Arthur Willis au Charlie Withers. Katikati ya ulinzi alisimama Harry Clarke, mrefu na mkavu, aliyesajiliwa mapema mwaka 1949 kutoka Lovell's Athletic, timu ya kiwanda huko Wales. Viungo wa pembeni walikuwa Nicholson, mzaliwa wa Scarborough aliyekuja klabuni akiwa kijana mwaka 1936, na nahodha Ron Burgess, mtoto wa mabonde ya makaa ya mawe ya Wales, ambaye mapafu yake yalimwezesha kushambulia na kulinda bila kuchoka. Nicholson alibaki nyuma kuziba mianya ambayo Burgess aliiacha, na kazi hiyo isiyoonekana ndiyo iliyomfungua mwenzake.

Mbele walikuwa watano. Winga wa kulia alikuwa Sonny Walters, na wa kushoto Les Medley, wote wazaliwa wa Edmonton, jirani na uwanja. Medley alikuwa amehamia Kanada baada ya vita kumfuata mkewe, kisha akarudi mwaka 1948. Ndani yao walicheza Les Bennett, mpiga chenga, na Eddie Baily, ambaye aliupiga mpira kwa mguso mmoja kwa usahihi ambao wachache waliuweza. Mshambuliaji wa kati alikuwa Len Duquemin, kutoka kisiwa cha Guernsey, ambaye wakati kisiwa chake kikikaliwa na Wajerumani alifanya kazi ya bustani katika nyumba ya watawa. Hakuwa na madoido, lakini hakuacha kukimbia, na katika mchezo wa kuta zinazotembea alikuwa ukuta uliotegemewa kuliko wote.

Jinsi mpira ulivyosafiri

Mashambulizi ya Tottenham yalianzia mikononi mwa Ditchburn. Makipa wengi walipiga mpira mbele kadiri nguvu zilivyowaruhusu, na mara nyingi ukaishia kwa adui. Ditchburn alifundishwa kuurusha mfupi kwa Ramsey. Walters, badala ya kusubiri mbele kwenye mstari kama mawinga wenzake, alirudi kuupokea. Beki wa mpinzani aliyemlinda alikuwa na mambo mawili mabaya ya kuchagua: amfuate Walters na kuacha uwazi nyuma yake, au abaki na kumwachia nafasi ya kugeuka. Kwa vyovyote vile, Tottenham ilikuwa imepata mtu huru ndani ya nusu yake yenyewe bila kuhatarisha mpira.

Kutoka hapo pasi zilifuatana, fupi, za chini, mara nyingi za mguso mmoja. Kanuni ilikuwa kwamba aliyetoa pasi hasimami kuitazama. Mwenye mpira alitakiwa kuwa na wenzake wawili karibu, mmoja kila upande, ili daima awepo wa kumpa. Medley aliruhusiwa kuacha upande wake wa kushoto na kuibukia popote, jambo lililowachanganya mabeki waliozoea kumlinda mtu mmoja katika eneo moja. Alipohama, Baily au Burgess alijaza pengo. Bennett alikuwa na ruhusa ya kukaa na mpira kidogo zaidi, na kusita kwake kulivunja mdundo pale ambapo wapinzani walianza kuuzoea.

Mchezo huo ulidai mambo mawili. La kwanza lilikuwa pumzi, kwa kuwa kila pasi ilifuatwa na mbio. La pili lilikuwa kuaminiana, kwani mchezaji aliyekimbia bila mpira alipaswa kuwa na uhakika kwamba utamfikia. Rowe alijenga yote mawili kwa mazoezi ya mpira wenyewe, wakati ambapo katika klabu nyingi mazoezi yalimaanisha kuzunguka uwanja na kunyimwa mpira katikati ya wiki ili mchezaji autamani Jumamosi. Aliwashirikisha wachezaji katika mazungumzo ya mbinu, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao baadaye wangeongoza timu kubwa.

Mwendo wa msimu

Msimu ulianza Agosti 20, 1949, kwa ushindi wa 4–1 ugenini dhidi ya Brentford, majirani wa magharibi mwa London. Kabla mwezi haujaisha Blackburn Rovers waliwafunga White Hart Lane, na huenda wapo waliodhani mchezo mpya ni mapambo tu. Kisha kuanzia Agosti 31 hadi Desemba 31 Tottenham ilicheza mechi 22 za Ligi bila kupoteza hata moja. Kufikia Oktoba ilikuwa imeshaachana na wapinzani wake, na habari zake zikaanza kuvuta watazamaji ambao hawakuwa mashabiki wake. Wastani wa mahudhurio White Hart Lane msimu huo ulizidi watu 54,000, idadi ambayo timu nyingi za Daraja la Kwanza hazikuifikia.

Siku ambayo kila kitu kilikwenda sawa ilikuwa Novemba 1949, Sheffield United walipofungwa 7–0. Sheffield United hawakuwa timu dhaifu. Mwisho wa msimu walilingana pointi na timu ya pili. Ukubwa wa ushindi huo ulionyesha kwamba pengo halikuwa la nguvu. Mabeki wao walikuwa wakifika mahali ambapo mpira ulikuwapo muda mfupi uliopita.

Januari 14, 1950, Leeds United waliukata mfululizo huo kwa ushindi wa 3–0 katika uwanja wao wa Elland Road. Lakini uongozi ulikuwa mkubwa mno kutikiswa, na mwezi huo huo Kombe la FA likatoa kipimo kingine. Tottenham iliwatoa Stoke City wa Daraja la Kwanza, kisha ikawapokea Sunderland, timu iliyokuwa maarufu kwa kununua wachezaji wa bei ghali na iliyomaliza ya tatu nchini msimu ule. Matokeo yalikuwa 5–1. Everton waliwatoa katika hatua iliyofuata, kwa bao 1–0, lakini swali lililokuwa likiulizwa, kama sukuma ukimbie ingeweza kusimama mbele ya timu kubwa, lilikuwa limeshapata jibu.

Kupanda kulithibitishwa mapema Aprili, mechi kadhaa zikiwa bado mkononi. Baada ya hapo kikosi kililegea na kupoteza michezo ambayo miezi michache nyuma kingeishinda, na ndiyo maana jumla ya mechi zilizopotea ilifika nane. Ushindi ulikuwa 27 na sare saba. Hakuna timu nyingine iliyofunga mabao mengi zaidi wala iliyofungwa machache zaidi.

Nafasi ya pili na hesabu ya mabao

Nyuma ya Tottenham kulikuwa na kinyang'anyiro ambacho mabingwa hao walikiamua mara mbili bila kukusudia. Sheffield Wednesday, Sheffield United na Southampton wote walimaliza na pointi 52, na ni mmoja tu aliyeweza kupanda. Wakati huo timu zilizolingana zilitenganishwa kwa wastani wa mabao: mabao ya kufunga yaligawanywa kwa mabao ya kufungwa. Njia hiyo iliziumiza timu zilizofungwa sana hata kama zilifunga sana, na ilidumu hadi 1976 ilipobadilishwa kwa tofauti ya mabao.

Siku ya mwisho, Mei 6, 1950, Sheffield Wednesday waliwakaribisha Tottenham katika uwanja wa Hillsborough. Mchezo uliisha 0–0. Wednesday wakawa na mabao 67 kwa 48, wastani wa 1.396. Sheffield United walikuwa na 68 kwa 49, yaani 1.388. Southampton, kwa 64 kwa 48, walikuwa na 1.333. Wednesday walipanda kwa tofauti ya sehemu nane katika elfu. Sare ya 1–1 ingewafanya wawe na 68 kwa 49, sawasawa na United kwa kila hesabu. Na kama United wangefungwa mabao sita badala ya saba kule White Hart Lane mwezi Novemba, wastani wao ungekuwa 1.417 na wao ndio wangepanda.

Southampton nao walikuwa na la kujutia. Walikuwa wamekosa kupanda mwaka 1949, wakamuuza Ramsey, na mwaka 1950 wakakosa tena, safari hii kwa hesabu, huku beki wao wa zamani akivaa medali ya ubingwa. Chini ya jedwali, Plymouth Argyle na Bradford Park Avenue walishuka Daraja la Tatu.

Yaliyofuata

Kiangazi cha 1950 Uingereza ilishiriki Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, nchini Brazili. Katika kikosi kilichosafiri walikuwamo Ditchburn, Ramsey, Nicholson na Baily, watu wanne kutoka klabu iliyokuwa Daraja la Pili wiki chache tu kabla. Uingereza ilifungwa 1–0 na Marekani, kisha 1–0 na Hispania, ikatolewa. Baily alicheza kwa mara ya kwanza katika mechi ya Hispania.

Agosti hiyo Tottenham ilirudi Daraja la Kwanza na kufungwa nyumbani 4–1 na Blackpool. Haikubadilisha mchezo wake. Novemba iliwafunga Newcastle United 7–0, na Aprili 28, 1951, bao la Duquemin dhidi ya Sheffield Wednesday liliipa ubingwa wake wa kwanza wa Ligi. Wednesday, waliopanda pamoja nao kwa sehemu nane za elfu, walishuka msimu huo huo. Mwaka 1952 Tottenham ilimaliza ya pili. Kisha wachezaji, ambao vita viliwachelewesha, walianza kuzeeka pamoja, na mchezo uliotegemea mbio na mpira unaoteleza chini ukanaswa na tope la viwanja vya majira ya baridi. Rowe aliugua kutokana na mzigo wa kazi na mwaka 1955 aliiacha timu.

Soka la Uingereza kwa jumla halikujifunza haraka. Novemba 1953 Hungaria ilikuja Wembley na kuifunga Uingereza 6–3 kwa pasi fupi, mwendo bila mpira na wachezaji wasiokaa katika nafasi moja, mambo ambayo mashabiki wa White Hart Lane walikuwa wameyaona miaka minne kabla katika mechi dhidi ya timu za Daraja la Pili kama Bury na Grimsby. Ramsey alikuwa uwanjani siku hiyo, akafunga penalti, na hakuitwa tena timu ya taifa.

Mafunzo ya msimu wa 1949–50 yalisambaa kupitia watu zaidi ya vitabu. Vic Buckingham, aliyeichezea Tottenham hadi 1949, alikwenda kuifundisha Ajax ya Amsterdam, ambako mwaka 1964 alimpa Johan Cruyff mechi yake ya kwanza. Ramsey aliichukua Ipswich Town kutoka Daraja la Tatu, akaipa ubingwa wa Daraja la Pili mwaka 1961 na wa Daraja la Kwanza mwaka 1962, kisha akaipa Uingereza Kombe la Dunia mwaka 1966. Nicholson, kiungo aliyeziba mianya ya Burgess, alikuwa meneja wa Tottenham kuanzia 1958. Mwaka 1961 aliipa klabu Ligi na Kombe la FA katika msimu mmoja, jambo ambalo hakuna timu ya Uingereza iliyokuwa imelifanya tangu 1897. Nahodha wake, Danny Blanchflower, alikuwa amesajiliwa na Arthur Rowe.